Madebe Mawili na Mfereji Mmoja

Nyuma ya Soko la Burma,
Nairobi.
Jumamosi, 14 Julai 1979

Kwa Mhariri, mpiga chapa wako, na yeyote yule anayekuletea chai hapo ulipo,

Kwa huzuni inayostahili bendera kushushwa nusu mlingoti, natangaza kwamba Jumanne iliyopita, saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi, debe la Laini ya Chini, yaani safu yetu ya nyumba, lilikataa kukaa nyuma ya debe la Laini ya Juu kwenye foleni ya mfereji wetu wa maji. Hivyo ndivyo vita vilivyoanza. Madebe yote mawili nilikuwa nimeyabeba mimi.

Naitwa Ngui. Nilitoka kwetu Mwala kuja kutafuta kazi, nikafikia Laini ya Chini kwa shemeji yangu, Bwana Mutisya, karani, aliyemwoa dada yangu Mbithe. Huu ni mwaka wa nne. Kazi sijapata kwa sababu nina kazi nyingi. Nachota maji, nafua, napiga pasi, nasonga ugali. Mshahara haujatajwa, maana mimi ni ndugu. Nikipata nafasi huvuka uwanja nikambebee magunia na maji Mzee Idarusi, mwenye duka wa Laini ya Juu, ambaye hunipa "ahsante" tamu sana, ya Kimombasa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuna kitabu. Nilikiokota mimi kule jaani Dandora: historia ya vita vya Wamarekani, Kaskazini na Kusini, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Nikampa shemeji, akawa anakisoma kwa sauti uwanjani kila akitoka ofisini. Ila kinaanzia ukurasa wa arobaini na moja, mizinga imekwisha kulia. Kurasa za sababu hazimo. Basi watu wakaanza kubishana: wale wenzetu walipigania nini hasa? Baada ya siku tatu Laini ya Juu ikawa Kaskazini na sisi tukawa Kusini, ingawa ukiangalia jua, sisi tuko magharibi.

2. Shemeji anashikilia kwamba Kusini walipigania haki ya kila laini kujiamulia mambo yake. Nilitaka kumuuliza mambo gani, lakini nilikuwa napiga pasi suruali yake na makaa yalikuwa yanapoa. Dada Mbithe naye akasema, "Ngui si mtumwa wa mtu! Anakula hapa, analala hapa!" Ni kweli, Mhariri. Nalala hapo hapo, kati ya jiko na baiskeli.

3. Kaskazini nao wana maneno makali. Mzee Idarusi alisimama juu ya kreti ya soda akanguruma, "Huyu ni binadamu, Mutisya, si punda! Mwachie!" Watu wakapiga makofi, hata mimi nikapiga. Halafu akashuka akaniambia, "Ngui, mwanangu, hebu irudishe hii kreti dukani, na ukitoka huko upitie kwa jirani yangu Bi Zaitun, mapipa yake yamekauka."

4. Siku ya Jumatano Kusini tulijitenga rasmi. Kamba ya nguo ilivutwa katikati ya uwanja iwe mpaka. Niliifunga mimi upande wetu, kwa kuwa mimi ni mrefu. Upande wa pili nao walitafuta mtu mrefu, nikavuka nikaifunga. Tangu hapo sivuki bila cheti cha shemeji, na nikifika ng'ambo Mzee Idarusi hukisoma, akatikisa kichwa na kulaani dhuluma, kisha akanionyesha magunia.

5. Mapigano yenyewe yalikuwa Alhamisi. Bi Zaitun alirusha karai la maji ya samaki. Dada Mbithe akajibu kwa mwiko wenye ugali. Majeruhi ni mmoja, kidole changu cha mguu wa kushoto, kilichoangukiwa na karai. Uwanja niliufagia mimi, Kusini kwanza, kisha Kaskazini, nisionekane nina upendeleo.

6. Hili ndilo linaloniuma. Wameanza kunong'ona mtaani kwamba vita hivi vinanihusu mimi! Mhariri, nakanusha kwa nguvu zote zilizobaki baada ya kuchota maji. Mtu anayehusika huulizwa angalau neno moja, na mimi hakuna aliyeniuliza, si huku wala kule. Basi nitakuwaje sababu? Naamini kabisa vita ni vya mfereji, au vya bei ya pamba, au vya tabia ya nchi.

Kwa hiyo naomba ulete mtaalamu wa historia awaambie hivyo, kabla hatujaaibika mbele ya mitaa mingine kwa kumpigania mtu asiye na kitanda. Kama mtaalamu hapatikani, napendekeza mkataba: Jumatatu hadi Jumatano niwe wa Kusini, Alhamisi hadi Jumamosi niwe wa Kaskazini, na Jumapili niachiwe Mungu, ikiwa naye hana nguo za kufuliwa.

Nisalimie wote ofisini, wakubwa kwa wadogo, na huyo wa chai umsalimie mara mbili.

Ni mimi, raia mtiifu wa pande zote mbili,
Ngui

Tanbihi: Haya nayaongeza nikiwa Kiamaiko. Kurasa arobaini za mwanzo ninazo mimi, mfukoni. Nilizichana kabla sijampa shemeji kitabu, nione kama wataifikia sababu wenyewe. Sababu iko ukurasa wa kwanza, mstari wa pili: kulikuwa na watu waliofanyishwa kazi bila malipo na bila ruhusa ya kuondoka. Hakuna mfereji wowote. Kwa hiyo nimeondoka. Bwana Wehliye, mwenye mbuzi, amenipa kazi ya kuswaga, na hulipa kila Jumamosi. Kamba ya nguo nimeiacha ilivyo. Kwa shemeji bado hawajajua, wala kule kwa Mzee Idarusi. Leo alfajiri nilijaza mapipa ya laini zote mbili, na maji hayataisha mpaka kesho jioni.