Salaam ya Kila Mlango

Jumatatu, 3 Februari 2025

Dada Hamdia, salaam aleikum. Natumai huko Moyale mko wazima na lile goti lako limepoa. Sisi Isiolo hatujambo, alhamdulillahi, isipokuwa vumbi na Halkano.

Halkano ndiye mlinzi wa geti hapa kwenye makao ya wazee. Mimi ni msimamizi. Nakukumbusha kwa sababu yeye husahau.

Wiki iliyopita Eedo Shamis, shangazi yetu aliyetulea, aliteleza bafuni. Hakuvunjika. Lakini mwanawe Dualeh amepiga simu kutoka Nairobi. Anakuja Ijumaa, na akikuta jambo moja tu ambalo si salama, anamchukua mama yake akaishi naye ghorofa ya sita. Eedo hataki. Anasema huko hata mbuzi hasikiki. Mimi pia sitaki. Nani atanigombeza asubuhi, kisha aniombee dua?

Nimekaa, nimefikiri. Mpango umekuja.

Jumanne, 4 Februari

Nimemwaga changarawe bafuni ili miguu ishike. Mama Sadiya wa chumba cha pili amesema yeye si ngamia. Halkano akasema kwao Gotu pia wanaogea kwenye changarawe, tena bila gharama ya ukuta. Wamama wakacheka. Jioni changarawe ikaziba bomba, maji yakaingia jikoni. Nimezoa mpaka Magharibi. Eedo amesema sasa naweza kuteleza hata mimi. Nimeteleza.

Jumatano, 5 Februari

Mpango mwingine. Huu nimeupata msikitini, kwa hiyo una baraka.

Kila asubuhi nitasimama kwenye kila mlango na kutoa salaam. Mzee akiitika, ni mzima. Asipoitika, ni hatari, naingia. Hauna betri, hauna waya, na una thawabu.

Halkano akauliza, je, mtu akiwa chooni? Nikamwambia maswali kama hayo ndiyo yanamfanya mtu abaki getini.

Alhamisi, 6 Februari

Mpango unafanya kazi. Mama Sadiya aliitika baada ya kumaliza chai yake, lakini aliitika. Eedo akauliza kama nataka kitu. Nikasema hapana, nataka tu kujua kama yuko hai. Akasema kwa sasa.

Ijumaa, 7 Februari

Nimeanza mapema, ili Dualeh afike akute kila kitu sawa. Nikatoa salaam mlangoni kwa Eedo. Kimya. Nikarudia. Kimya. Nikapaza sauti mpaka kuku wa jirani wakanyamaza. Ndani, kimya.

Dada, nikamwona akilini kwenye saruji, peke yake, na mimi nje nasalimia. Nikasema bismillahi, nikaupiga mlango bega.

Mlango uling'oka na fremu yake. Mimi nikafuata.

Eedo alikuwa kwenye msala, amesujudu. Sala ya dhuha. Mwenye kusali haitikii salaam. Hilo nalijua tangu duksi ya Kurani, na fimbo nilichapwa kwa hilo hilo.

Hakukatiza. Alimalizia rakaa zake, polepole kuliko siku zote, mimi nimelala juu ya mlango. Akatoa salaam ya mwisho, kulia, kisha kushoto. Kushoto nilikuwa mimi. Nikaitika.

Akaniambia hiyo haikuwa yangu.

Nikainua macho. Pale mlango ulipokuwa, amesimama Dualeh. Halkano nyuma yake, amembebea begi, anamweleza yote tangu changarawe. Hakuna aliyemuuliza.

Dualeh akasema, mama, fungasha nguo twende. Eedo akakunja msala. Akamuuliza: kule kwako nikinyamaza, nani atavunja mlango? Dualeh akasema asiwe na wasiwasi, mlango wa kule ni wa chuma, na yeye hurudi kutoka kazini jioni. Eedo akasema basi jioni atamkuta pale pale chini, hataenda mahali.

Dualeh akautazama mlango. Akanitazama mimi juu yake. Kisha akaomba chai.

Ameondoka baada ya Alasiri, peke yake. Atalipia fundi. Eedo anabaki. Nimelia kidogo nyuma ya tangi la maji. Halkano ameniona.

Jumamosi, 8 Februari

Nimetafakari. Kumbe mpango ulifaulu. Kasoro ilikuwa moja tu, mlango. Usingekuwepo, ningemwona Eedo anasali, nisingeumia bega.

Kwa hiyo leo nimeanza kuwang'olea wote. Halkano amekataa kuniazima bisibisi, nimetumia kisu cha jikoni. Mlango wa Mama Sadiya umetoka vizuri. Nilitaka kumwambia, lakini alikuwa ameenda sokoni.

Sasa amerudi. Anatoa salaam uani, anataja jina langu. Sijaitika bado. Niko nyuma ya tangi.

Dada, tafadhali nijibu upesi. Niambie kama huko kwenu kuna chumba.