Mhakiki Mkuu wa Mapacha wa Tetsuyama

Jumatatu, 8 Mei 2006
Mvua tangu alfajiri. Nimekwenda kwenye kibanda cha intaneti cha Hanifa, hapa Bondeni, nikafungua makala yangu. Yangu! Mwezi Machi niliianzisha mwenyewe katika kamusi elezo ya mtandaoni: "Mapacha wa Tetsuyama", katuni ya Kijapani ya mapacha wawili wahunzi. Sentensi nne, zote nzito. Leo nimekuta sitini. Vichwa vya habari. Orodha ya sehemu zote ishirini na sita. Vyanzo chini, vimepangwa kama sahani kabatini. Tena imependekezwa iwe makala bora, ipewe nyota.

Aliyefanya hayo ni Hezroni, mkulima wa mpunga wa Ngana. Alikuwa kompyuta ya tatu, matope mpaka magotini, anachapa kwa vidole viwili. Hanifa akampelekea chai. Mimi ni mteja wa hapa tangu siku ya kwanza, sijaonja hata maji.

Na Hanifa anatafuta mwalimu wa darasa la kompyuta. Amesema atampa kazi yule atakayeona anaandika vizuri. Nyumbani nimeshatangaza kwamba ni mimi. Mama ameninunulia kitambaa cha shati.

Jumanne, 9 Mei
Nimeiboresha makala ili nimzidi. "Ya kusisimua mno" nimeiweka mara kumi na moja. Baada ya saa moja yote yamefutwa. Hezroni ameacha ujumbe kwenye ukurasa wa majadiliano: ananishukuru, anaomba nitaje chanzo.

Chanzo ni macho yangu. Katuni yote nimeitazama ukumbini kwa Andrea, mwenye video, ambaye husimama kando ya televisheni na kipaza sauti akitutafsiria Kijapani neno kwa neno. Hezroni sijamwona mle hata siku moja.

Jumatano, 10 Mei
Akili imefunguka. Makala haipati nyota mpaka ihakikiwe na mtu asiyehusika. Mtu huyo amezaliwa leo saa nne asubuhi, kwenye akaunti ya pili niliyoifungua. Anaitwa Mhakiki Mkuu, anakaa Dar es Salaam, nadhani anavaa miwani. Ametaja kasoro kumi. Nyingine ni za koma. Ya kumi ndiyo nyundo: makala haimtaji mama mkwe, aliyehamia kwa pacha mkubwa akakataa kuondoka, na ndiyo asili ya vita vyote.

Nimelala vizuri mchana.

Alhamisi, 11 Mei
Hezroni amerekebisha kasoro tisa kwa siku moja. Ameandika kwamba ni za haki. Ya kumi anaomba aelekezwe: mama mkwe yumo katika sehemu ya ngapi?

Nikaenda kumwuliza Andrea. Alicheka mpaka akatafuta pa kuketi. Akasema Kijapani hajui hata salamu. Wakati ule mama mkwe wake alikuwa amekuja kutoka Ikombe kwa siku mbili, akakaa wiki sita, na yeye hakuwa na mahali pengine pa kusemea. Nikamwuliza kama wale mapacha ni wahunzi kweli. Akasema hilo alikisia baada ya kuona nyundo.

Nimerudi nikipita katikati ya madimbwi. Kisha Mhakiki Mkuu akamjibu Hezroni kwamba mtafiti makini hujitafutia mwenyewe.

Ijumaa, 12 Mei
Nimetoka msikitini nikamkuta Hezroni mlangoni kwangu na mkungu wa ndizi. Amekuja kuomba ushauri. Mama mkwe anamnyima usingizi.

Akanieleza alikoijua katuni. Sekondari walikuwa na mwalimu wa hesabu wa kujitolea, mama wa Kijapani, ambaye Jumamosi aliwaonyesha kwenye kompyuta yake na kuwafafanulia. Hezroni alikuwa akitazama na pacha wake, Asajile. Mpaka leo mwalimu huyo humtumia kurasa za magazeti alizomtafsiria. Asajile hayupo. Mwaka juzi mto Songwe ulifurika ukamchukua. Mwezi Machi Hezroni alikuja mjini kumwandikia mwalimu, akakutana na sentensi zangu nne.

"Sikujua kama hapa Kyela kuna mwingine anayewakumbuka wale mapacha," alisema. "Ndaga fijo, asante sana, kaka Yasini. Nyota ikija ni yetu wote wawili."

Alipoondoka nilikaa kitandani. Nikaazimia kukiri. Halafu nikawaza: Hanifa akiisikia habari ya Asajile atalia, na kazi imekwenda kwa Hezroni. Nikajikuta namwonea wivu mtu kwa ndugu yake aliyekufa. Naandika hapa kwa kuwa siwezi kumwambia mtu.

Ndizi nimekula nne.

Jumamosi, 13 Mei
Nimeamua kutenda wema: Mhakiki Mkuu aipitishe makala. Nikachapa, "Mimi, Mhakiki Mkuu, sasa nimeridhika." Nikabonyeza. Chini yake pakatokea jina la mwandishi: Yasini wa Bondeni.

Sikuwa nimebadili akaunti.

Wakabidhi, wale walinzi wa kamusi elezo, hawakuchelewa. Waliona majina yote mawili yanatoka kibanda kimoja, wakakifunga kibanda kizima: hakuna wa kwa Hanifa atakayeandika neno. Na Hezroni alikuwa amebakiza swali moja la wakabidhi la kujibu, mwisho kesho saa sita. Hanifa alikuwa nyuma yangu, anasoma.

"Yule wa Dar ni wewe?"

Nikasema ni habari ndefu. Hezroni alisimama kutoka kompyuta ya tatu, akanitazama kama mtu anayetazama shamba baada ya maji kupita. Akatoka kuwahi basi la Tukuyu, kwenye kibanda kingine.

Jumapili, 14 Mei
Nyota imetoka. Nimeambiwa na Hanifa, kwa ufupi. Hezroni alilala Tukuyu kwa binamu yake, asubuhi akajibu lile swali. Kisha akawaombea radhi watu wa kibanda, akasema hata Mhakiki Mkuu alikuwa na haki katika kasoro tisa, zisifutwe. Kibanda kimefunguliwa. Kazi kapewa yeye. Mama ameuliza shati nitalivaa lini.

Jumatatu, 15 Mei
Nimekwenda kuomba radhi. Nilijiandaa kwa matusi, nikakosa hata hayo. Hezroni akasema, "Siku nyingine nikosoe kwa jina lako, kaka." Akaniandikisha darasani, mwanafunzi wa kwanza. Nilitokwa na machozi. Nikaapa nimekoma.

Wakati ananiandikisha niliona kwenye kompyuta yake makala mpya ameianza: vyungu vya Ikombe. Vyungu! Shangazi Tausi anacho kimoja jikoni, nimekula wali wake tangu utoto. Nani anavijua kunizidi? Sentensi ya tatu tayari ina kasoro.

Nimelitafakari kosa langu njia nzima. Dar es Salaam ni karibu mno. Daktari Udongo atakaa Norwei, na atatumia kibanda cha Tukuyu.