Mwana wa Bibi Nerva

Edilberto Chunga alikuwa Mperu halisi wa Aguas Verdes, mji wa mpakani, lakini akishavuka daraja kuingia Ekwado alikuwa Mvenezuela mtupu: lafudhi, kofia, hata machozi ya kukumbuka kwao. Wakimbizi humwamini mtu wa kwao. Kitambulisho chake alikificha katika chumba alichopanga Huaquillas, ng'ambo ya Ekwado, maana mjanja hatembei na ushahidi.

Siku hiyo alimwona Bibi Nerva, Mvenezuela wa Maracaibo, amekalia sanduku lake. Alikuwa anakwenda Lima kwa bintiye na hakuwa na viza. Wiki ile Peru ilikuwa imetangaza kwamba wazee wapite bila viza. Edilberto alijua, bibi hakujua, na tofauti hiyo ndiyo iliyomlisha Edilberto.

Akamwambia ana mtu wake kwenye dirisha la uhamiaji wa Peru. Ada ilikuwa pete ya marehemu mumewe. Bibi aliivua kwa uchungu, Edilberto akaivaa.

Mpango ulikuwa wakifika kwenye foleni aage kwenda kununua maji, asirudi. Lakini kwa Wavenezuela kijana hamwamkii mzee bila kumwomba baraka, na huyu tangu asubuhi hajaomba. Bibi akajua huyu si mtu wa kwao. Alimshika mkono na kumng'ang'ania mpaka dirishani.

Afisa akagonga muhuri: mzee, pita. Hapo bibi akaelewa yote.

"Na huyu?" afisa akauliza.

"Mwanangu, afande. Hana viza. Nilimkataza kuja, hasikii."

Edilberto akaapa kwamba yeye ni Mperu. Afisa alishavisikia viapo vya kila aina.

"Kitambulisho?"

"Kiko chumbani kwangu, Huaquillas."

"Mperu mwenye chumba Ekwado. Haya."

"Usibishane na wakubwa, mwanangu," bibi akasema kwa upole. "Nipe pete ya baba yako, usije ukaibiwa huko. Omba baraka, uende."

Polisi wawili walishasogea. Edilberto akavua pete, akaomba baraka.

"Mungu akubariki," bibi akajibu, akaenda zake Lima.

Polisi wakamrudisha darajani. Walinzi wa Ekwado nao wakamkataa, hana muhuri. Ndivyo majirani hawa wanavyogawana wageni. Akabaki katikati ya daraja, hatakiwi huku wala kule, mpaka alipomwona mkewe akitoka sokoni upande wa Peru. Akamwita kwa jina, karibu alie kwa furaha.

"Mama, unamfahamu huyu?" polisi akauliza.

Mkewe alimkagua kuanzia kofia hadi viatu.

"Mume wangu yuko Lima kikazi," akasema. "Aliniambia mwenyewe."