Msingi Unaweza Kungoja

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Mke wangu, Wangu, bado yuko Nakuru kwa dada yake, Joan. Alienda mwezi jana. Eti kifua chake hakiwezi tena kulala juu ya sakafu yetu, eti chumba kinanuka soksi za mtu aliyelima Olenguruone nzima bila kuvua gambuti. Nilimwambia hiyo ni harufu ya historia. Nyumba yetu iliachwa na mzungu! Mbao za mutarakwa tupu, ule mwerezi wa huku, zimeinuliwa juu ya ukuta mfupi wa mawe, na chini ya sakafu kuna nafasi ya mtu kutambaa. Unyevu unatoka huko. Udongo wa Molo haukauki, na baridi yake inapanda mpaka kwenye godoro.

Atakuja Jumamosi ya Pasaka kuangalia. Akisikia harufu ya soksi, anarudi kwa Joan siku hiyo hiyo. Hataki maneno.

Nyumba bila Wangu ni kubwa mno. Leo asubuhi nimesalimia sufuria.

Lakini nina mpango!

Jumanne, 8 Aprili

Mpango: ghalani nina karatasi nyeusi ya plastiki, ya dam, ile wakulima hutandaza shimoni ili maji ya mvua yasinywewe na udongo. Ilibaki kutoka kwa dam yangu ya mwaka juzi, ambayo haikuwahi kujaa. (Kosa la ng'ombe wa Kahiga. Hadithi ndefu.) Nitaitandaza chini ya sakafu yote, niipandishe ukutani, niipigilie misumari. Matundu ya hewa nitayaziba ili ukungu usiingie. Unyevu utabaki chini, mke atabaki juu. Kwisha!

Nimemweleza Kahiga kwenye ua. Kahiga ni jirani yangu na ana nyumba pacha ya yangu, ya mzungu yule yule. Tangu Januari anachimbua msingi wake, anatoa mawe yaliyooza na kutia mapya. Pesa anazizika mahali hata wageni hawataziona. Akaniuliza ule ufa wa ukuta wangu wa upande wa mlima nitaufanya nini. Nikamwambia karatasi itaufunika. Akavua kofia, akaangalia mbinguni, akasema, "Usipoziba ufa, jirani, utajenga ukuta."

Ana methali moja tu huyu. Aliitumia hata kwa harusi ya binti yetu Abby.

Alhamisi, 10 Aprili

Kazi imeanza. Nimemwita fundi Makokha, mtu anayekubaliana na yeyote aliyempikia chakula cha mchana. Nilimpikia wali na maharagwe, akasema mpango wangu ni wa kiinjinia kabisa.

Kuta tatu, kazi safi. Misumari ilishika vizuri. Ukuta wa nne, ule wa upande wa mlima, chini ya chumba chetu cha kulala: msumari uliingia kama kidole kwenye kiazi kilichoiva, ukatoka na udongo, ukatoka na jiwe. Ufa unapitisha mkono. Niliupitisha kuhakikisha. Nikashika nyasi za nje.

Makokha akasema, "Boss, hapa hakuna kitu ya kushikilia. Si tujenge kwanza?" Nikamkumbusha kesho kuna nyama. Akakubali kwamba msingi unaweza kungoja.

Uamuzi wangu: upande huo karatasi italala chini ya ufa, imekunjwa vizuri, na mawe juu yake. Kuta tatu kati ya nne. Hiyo ni alama nzuri hata kwa mtihani wa taifa!

Wakati wa kutoka nilikwama chini ya sebule. Tumbo, boriti, tumbo. Makokha akavuta mguu mmoja, buti likamfuata peke yake. Wakati huo huo Kahiga akapita, akaisalimia soksi yangu, akaiuliza habari za nyumbani. Nilijibu kwa heshima kutoka chini ya sakafu.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Nyumba haina harufu! Nimelala kifudifudi sebuleni nikanusa mbao moja moja. Mutarakwa tu, na pua ya Makokha imethibitisha, kwani nilimwalika anuse pia.

Nimempigia Wangu. Alifurahi, nilisikia. Halafu akauliza, "Baba Abby, na ule ufa wa upande wa kitanda?" Nikasema network ya Molo ni mbaya sana leo.

Nimekunywa chai na kipande kikubwa cha mkate, nikatazama mlima. Ni vizuri kuwa mtu mwenye akili.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua! Imenyesha tangu jana bila kupumua. Maji yanashuka kutoka shamba la viazi juu ya mlima, mekundu, yana haraka. Yanakuja moja kwa moja kwa nyumba yangu halafu sijui yanapotelea wapi. Upande wa chini hayatokei. Nadhani yameogopa karatasi.

Nimelala kama mtoto.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Nilirudi kutoka kanisani na moyo safi. Nikakaa kitandani kuvua viatu. Chini yangu chura akalia.

Nikasema ni wa nje. Akajibiwa na mwingine, chini ya kabati la Wangu.

Nikafungua kifuniko cha sakafuni, kile cha kuchungulia chini ya nyumba, nikaona uso wangu mwenyewe ukinitazama. Maji! Ukuta hadi ukuta! Yameingia kwa ule ufa, yameshuka ndani ya karatasi, na karatasi haijaachilia hata tone. Matundu nimeyaziba, kwa hivyo hata upepo hauwezi kuyakausha. Dam iliyokataa kujaa shambani misimu miwili imejaa chini ya kitanda changu kwa siku tatu.

Nitasema jambo moja tu kwa haki: kama dam, ni kazi nzuri mno.

Harufu? Hapana, si soksi tena. Ni mto wenye matope.

Jumamosi, 19 Aprili

Siku ndefu. Alfajiri mimi na Makokha tulianza na ndoo. Makokha alichota, nikamwaga, mvua ikarudisha. Ikabidi niende kuomba pampu kwa Kahiga. Nilimwambia ni ya kumwagilia kabichi. Alitazama mvua, akanitazama mimi, akatazama mvua tena. "Kabichi zako zina kiu ya ajabu," akasema. Alinipa, lakini akaufuata mpira wa pampu kwa miguu yake mpaka ulipoingia chini ya chumba changu. Hakusema methali. Aliushika mpira tu usiteleze.

Wangu akatukuta hapo, Kahiga ameshika mpira, Makokha ameshika chura, mimi nimelowa mpaka kwenye kola. Alikuwa ameniletea skonzi.

Aliinama akachungulia. Kisha akaketi kwenye ngazi na kuanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na mimi nikaanza kucheka kwa matumaini. Halafu kicheko kikageuka kikohozi. Kilimshika muda mrefu, akainama, shali ikamwanguka, hakuweza kuiokota. Hakuna aliyecheka tena. Niliogopa. Naandika hivyo hivyo: niliogopa kuliko siku nyingine yoyote katika nyumba hii.

Alipopata pumzi alisema kwa upole, na upole wa Wangu ndio mimi huogopa. Kwamba kwa Joan harudi, nyumba imejaa watoto. Kwamba hapa pia hatalala. Mke wa Kahiga alimwambia kwamba tangu Februari sakafu yao imekauka, na chumba cha wageni kiko wazi. "Baba Abby, utanikuta huko. Jenga ukuta."

Akavuka ua na mto wake wa kulalia kwapani. Kwa Kahiga! Skonzi aliniachia.

Jumatatu, 21 Aprili

Jana nilikula Pasaka kwa Kahiga kama mgeni. Chapati laini, kuku mzuri. Sakafu yao hainuki kitu chochote, nilijaribu kila kona nikijifanya kutafuta kijiko. Wangu hakukohoa hata mara moja tangu supu mpaka chai. Nilifurahi na nikakasirika kwa wakati mmoja, ni hali ngumu mtu akiwa na kuku mdomoni.

Leo nimemwambia Makokha alete mawe. Akasema hata yeye alikuwa amefikiria hivyo tangu mwanzo. Nikamnyima chai.

Jumatano, 30 Aprili

Ukuta umekwisha! Tulibomoa upande wote wa mlima. Mawe mapya, simiti, na mtaro upande wa juu wa kupeleka maji barabarani. Kahiga alisimamia bila kuombwa, mikono nyuma, kofia ya kanisa. Tulikausha karatasi kwenye nyasi, tukaitandaza upya, na safari hii tukaipigilia pande zote nne. Misumari ilishika. Vyura wamehamia kwa mtaro.

Wangu alivuka ua jioni na mto wake. Alipita chumba kwa chumba na pua juu. Kisha akaning'iniza shali nyuma ya mlango, pale pake pa siku zote. Nilienda jikoni nikasimama kidogo.

Kahiga anazunguka akiwaambia majirani kwamba kilichokausha nyumba ni msingi. Nimewaeleza wote ukweli. Ni karatasi.

Jumapili, 4 Mei

Baada ya kanisa mvua kidogo, moto kidogo, chai nyingi. Wangu amejinyoosha kitandani na mchana huu wote hajakohoa. Namtazama na moyo umetulia kabisa. Mtu akiniuliza nataka nini zaidi duniani, nitamuuliza kwani yeye haoni.

Tone limeanguka. Mgongoni pangu, si pake, nashukuru Mungu. Nimepanda darini kuangalia. Mabati yameoza kama chujio! Kahiga angesema nibadilishe mabati. Namjua, angeanza na yale yale.

Lakini ghalani kumebaki kipande kizuri cha karatasi, kinatosha dari ya chumba hiki kizima. Kosa langu la kwanza nimelielewa vizuri sana: niliacha upande mmoja. Kesho Wangu akienda sokoni nitaipandisha pande zote nne, nipigilie sana, hata tone lisipate njia ya kutoka. Nitaanzia juu ya kitanda, upande wake.