Ndege Iliyotuchungulia Musoma Ikaenda Kutua Mwanza

Iringo, Musoma.

Ndugu Mhariri,

Nakuandikia kwa heshima zote nikiwa mbele ya cherehani yangu, na kama mwandiko umepinda, ujue ni hasira wala si uzee. Mimi naitwa Abdulnasir, fundi wa nguo. Ni msomaji wako wa siku nyingi, ingawa gazeti lenyewe huwa naliazima kwa jirani.

Binti yangu Raya anaishi Marekani na mumewe Yunusu, kijana wa hapahapa kwetu, ambaye kazi yake ni kuendesha vigari vya kuvuta mizigo kwenye uwanja mkubwa wa ndege. Walikuwa hawajaja nyumbani tangu waoane. Mama yangu mzazi, Bi Mwanaupe, alikuwa amekataa kila zawadi waliyomtumia. Alisema hataki kitenge, anataka kumshika Raya shavu.

Basi Jumamosi wakawa wanakuja. Tulipika pilau tangu alfajiri. Mtani wangu Gati alitoka Butiama na wapiga ngoma wake, wakajipanga nje ya uzio wa uwanja. Bi Mwanaupe tulimwekea kiti cha plastiki mbele kabisa. Ndege ikatokea upande wa ziwani, matairi chini. Ngoma zikalia. Mama akasimama, akafunga upya khanga.

Ndugu Mhariri, ile ndege ilishuka mpaka tukaona madirisha, halafu ikanguruma, ikainua pua, ikapita juu ya vichwa vyetu. Ikazunguka ziwani, ikatuchungulia mara ya pili, ikaenda zake.

Mama akauliza, "Abdulnasir, huyo mtoto amenichungulia tu?"

Gati naye, badala ya kunifariji, akasema, "Kwetu mgeni akifika mlangoni akageuka, tunaulizanaga ndani ameona nini."

Nikamfuata afisa mmoja getini. Kwa upole akanieleza kwamba ndege ndogo ya watalii ilikuwa imetua kwanza, ikapasuka tairi, imekaa katikati ya njia ya kurukia ndege.

"Mpaka iondolewe, mzee, hakuna ruhusa ya kutua."

"Imepasuka tairi," nikamwambia, "haikupasuka njia. Si apite pembeni?"

"Mzee, ile ni ndege, siyo bodaboda."

Baadaye Raya akapiga simu kwamba wameshushwa Mwanza na wanakuja kwa gari. Sasa ukitoka Mwanza kuja Musoma lazima upite Bunda, na Bunda, mtaa wa Kabasa, ndiko anakoishi dada yangu Sabiha. Sabiha alipopata habari hakuuliza mtu. Alisimama katikati ya barabara kuu na khanga mkononi, akasimamisha gari, akashusha wageni wangu pamoja na mabegi. Wakala kwake, wakaimbiwa kwake, wakalala kwake. Pilau yangu ililiwa na wapiga ngoma wa Gati. Mpaka leo Sabiha anatangaza kwamba Raya alipokelewa Bunda, Musoma alikuja kusalimia tu.

Walipofika kesho yake, Bi Mwanaupe alimshika Raya mashavu yote mawili, wakalia wote wawili. Kisha akasema, "Umenenepa mjukuu wangu. Lakini unanukia pilau ya Sabiha."

Ndipo nilipoamua kuandika. Malalamiko yangu ni haya.

1. Yunusu amenieleza kwamba Marekani mwongozaji wa ndege anaweza kuruhusu ndege hata tatu zitue kwa mpigo. Ya nyuma anaiambia, wewe ni wa tatu, ruhusa unayo, maana inatarajiwa kwamba za mbele zitakuwa zimeshatoka njiani. Nchi nyingine nyingi, na sisi tumo, hupewi ruhusa mpaka aliyekutangulia atoke kwanza. Nauliza: Musoma tumekosa nini? Kama ni kutarajia, hiyo ndiyo kazi yetu. Tunatarajia umeme. Tunatarajia maji ya bomba huku ziwa tunaliona dirishani. Itakuwaje tushindwe kutarajia kindege kimoja kisogee? (Yunusu aliongeza kwamba njia isipokuwa wazi, hata Mmarekani ananyanyuka na kuondoka. Sehemu hiyo sikuisikiliza vizuri.)

2. Huko pia, kukiwa kweupe, rubani huulizwa, "Unamwona mwenzako wa mbele? Haya, mfuate, ujitenge naye kwa macho yako." Huo ni utaratibu wa Mwigobero kabisa! Mitumbwi ya dagaa inaingia pale kila asubuhi bila mnara wala redio. Wakigongana, wanatukanana, wanasameheana, dagaa wanaanikwa. Lakini Yunusu anasema yako mashirika ya ndege yanayomkataza rubani kutegemea macho, hasa usiku, hata kama mwenye uwanja amemruhusu. Sasa macho aliumbiwa ya nini?

3. Nimesikia China wanapima urefu wa angani kwa mita, wengine kwa futi. Hata mgandamizo wa hewa, Marekani wana kipimo chao na wengine wana chao. Yaani dunia nzima imeshindwa kukubaliana mbingu iko juu kiasi gani, lakini kumnyima mama yangu mjukuu wote walikubaliana mara moja.

4. Hili nimelisahau kwa hasira.

5. Mwaka juzi alipokuja mkubwa mmoja, njia ilifagiliwa tangu asubuhi. Mbuzi walifukuzwa, na sisi tukafukuzwa pamoja nao. Ndege yake ilitua kama jani. Kumbe njia ikitaka kuwa wazi, inajuaga namna.

Kwa hiyo naomba wahusika, kupitia gazeti lako, watekeleze yafuatayo. Ndugu wa abiria wapewe kiti kwenye mnara wa kuongozea ndege. Bi Mwanaupe haoni mbali, lakini ana sauti. Ndege yoyote itakayotuchungulia na kuondoka idondoshe walau mabegi. Wageni wa Musoma wanaotokea Mwanza wasindikizwe na polisi pale Kabasa, gari lisipunguze mwendo hata Sabiha akilala barabarani. Na ikiwa hayo ni mazito, basi uwanja wa Mwanza ufungwe kila ndege yetu inapokaribia, ili rubani akose pa kukimbilia na ajifunze kuwa na moyo.

Nimemsomea Gati barua hii. Amesema nikiwa mwongozaji wa ndege, yeye atarudia kutembea kwa miguu mpaka Butiama. Hayo ni ya watani, uyapuuze.

Nisalimie wachapaji, wauza magazeti, na shemeji kama yupo. Bi Mwanaupe anakusalimu, sasa anakula vizuri. Raya na Yunusu hawajambo. Sabiha usimsalimie.

Ni mimi, mwenye uchungu na mwenye adabu,

Abdulnasir, fundi.

Nyongeza: Raya amenikatia tiketi niende nao Dar es Salaam Alhamisi. Sijawahi kupanda ndege, na nimepewa kiti cha dirishani. Nimemwomba Yunusu amfikishie rubani ujumbe wangu: akikaribia kutua akaona njiani sijui ndege nyingine, sijui mbuzi, au hata kunguru mwenye uso wa mashaka, asitarajie chochote na asimfuate mtu kwa macho. Anyanyuke, aende Zanzibar, aende hata Mombasa, mimi nitapanda gari kurudi. Na wewe, Ndugu Mhariri, barua hii tafadhali usiichapishe mpaka nikupigie simu nikiwa chini.