Usaili wa Kibao Namba Saba

Idara ya Ulinganifu wa Rangi iliona fahari kuwatangazia wananchi wote kwamba, kuanzia Jumatatu saa mbili kamili asubuhi, rangi zitaonekana kwa namna moja.

Hatua hiyo ilikuwa imechelewa. Mwaka jana ukumbi wetu ulishindikana kupakwa kwa sababu rangi iliyoletwa, nusu ya wajumbe waliiona krimu na nusu wakaiona ya maziwa. Tulikaa vikao kumi na viwili. Mjumbe mmoja mpaka leo hasalimiani na shemeji yake.

Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kamati ya usaili. Sisemi hivi kwa kujisifu, nasema kwa ajili ya kumbukumbu.

Tulianza na mafundi rangi, ambao wakifeli wananyang'anywa leseni. Akaingia mama mmoja, fundi wa miaka ishirini, rangi imemganda mpaka kwenye nyusi. Mkurugenzi akainua kibao namba saba.

"Mama, hii rangi gani?"

"Kijani, mheshimiwa."

"Hudhurungi," akasema Mkurugenzi kwa upole wa kiserikali. "Umefeli."

"Nimefeli vipi? Kibao hicho nimekipaka mwenyewe, nyinyi ndio mlioniagiza! Nimekoroga bluu na njano kwa mikono hii."

"Hapa hatuulizi ulikoroga nini, mama. Tunauliza kinaonekanaje."

Hoja nzito. Niliiandika neno kwa neno.

"Nina watoto watatu, mheshimiwa. Ukichukua leseni yangu wanakula nini?"

Mkurugenzi akatugeukia sisi wajumbe watano. Macho yangu yaliona kijani, lakini macho si wajumbe wa kamati. Nikasaini hudhurungi. Wenzangu nao wakasaini, kwa kasi ya watu wanaosubiri kupandishwa vyeo. Yule mama alinitazama, na sitaficha, niliona aibu.

"Basi waulizeni walioko kwenye foleni," akasema.

Mkurugenzi akacheka. Alikuwa na uhakika. "Waulizwe! Tena katibu, andika kanuni. Atakayepishana na walio wengi ana macho mabovu, na mwenye macho mabovu hafanyi kazi inayohusu rangi, awe nani awe nani."

Nikaandika. Nikapiga mhuri.

Tukauliza foleni nzima, watu mia mbili na kumi na wanne: washonaji, madereva, hadi bibi mmoja aliyefuata cheti cha kuzaliwa cha mjukuu akakosea jengo. Kijani. Kijani. Kijani.

"Kwani nyinyi mnaona nini, wanangu?" bibi akatuuliza kwa huruma.

Saa tisa nikajumlisha. Hudhurungi ilikuwa na watu sita, wote wa upande wetu wa meza. Mkurugenzi akakipeleka kibao dirishani, akakigeuza huku na huku.

"Kumbe," akasema taratibu. "Na mama yangu alikuwa akinichapa nikichuma nyanya mbichi."

Nilimwonea huruma. Yeye angalau alisema alichokiona.

Kanuni ilikwisha kupigwa mhuri. Wiki iliyofuata idara nzima, yaani sisi sita, ilibaki bila mtu mwenye macho yanayokubalika, ikabidi yule fundi akaimu nafasi ya Mkurugenzi. Nikamfuata ofisini, nikafunga mlango.

"Dada, macho yangu mazima. Kibao nilikiona kijani, haki ya Mungu."

"Ulikiona kijani ukasaini hudhurungi?"

"Unajua mambo ya ofisini, dada yangu."

"Siyajui, ndiyo kwanza nimeanza." Akafungua droo. "Fomu ziko mbili, kaka. Hii ya macho mabovu, unasimamishwa kazi. Hii ya kughushi taarifa ya serikali, unakwenda mahakamani. Jaza moja."

Nilifikiria watoto wangu. Kisha nikajaza ile ya macho.

Aliisoma, akaipiga mhuri, akaja upande wangu wa meza. Akanishika mkono, akaniongoza polepole hadi mlangoni mbele ya wafanyakazi wote, akanionyesha ngazi zinapoanzia.