Meru Itasikiliza Kihispania

Jumatatu, 4 Machi 2019
Mzee Rwamba, mwenye stesheni, ametuita wafanyakazi wote studio. Kasema wasikilizaji wametuhama na matangazo ya biashara yamekauka. Mwezi ukiisha hivi hivi, masafa ya redio anamuuzia mhubiri. Na mimi Mwiti, meneja wa vipindi kwa miaka sita, nirudi kwetu Kibirichia kupanda viazi na kaka yangu. Kaka yangu! Yule aliyesema mbele ya ukoo mzima kwamba redio si kazi. Sirudi ng'o!

Stesheni zote hapa zinapiga Kimeru. Nimewaza mpaka chai ikapoa, nikapata. Kihispania! Jioni wanawake wa mji huu huacha ugali uungue kwa ajili ya tamthilia za Meksiko. Soko liko tayari, linangoja redio tu. Nimemweleza Nelius, msomaji wetu wa matangazo ya vifo. Amecheka mpaka akakaa chini. Wivu huo. Hawa watu wa Embu, jamani!

Jumanne, 5 Machi
Utafiti. Nimebeba spika hadi soko la Gakoromone nikawapigia wafanyabiashara aina tatu za nyimbo za Kihispania: za mapenzi, za dansi, na zile za wakulima wa Meksiko, zenye farasi, tarumbeta na kodiani. Mama Kiende, muuza viazi, hakuinua hata kichwa kwa mapenzi. Dansi akaniambia niipeleke mbali na wateja wake. Lakini ya wakulima! Aliacha viazi kwenye mizani. Akauliza huyo anayelia hivyo amefiwa na nani. Nikasema sijui. Akasema basi arudiwe. Wenzake saba wakaitikia. Nimeandika kwenye ripoti: soko limekubali kwa kauli moja.

Alhamisi, 7 Machi
Ratiba tayari. Kihispania, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne usiku. Matangazo ya vifo ya saa moja jioni yanaharibu ladha, kwa hiyo nimeyasukuma hadi saa kumi na moja kasorobo alfajiri. Nelius akauliza nani huwa macho saa hiyo. Nikamjibu marehemu hana haraka. Akasema wanaokwenda kumzika ndio wenye haraka, akatoka akibamiza mlango. Mzee Rwamba ametia sahihi bila kusoma. Ananiamini!

Jumamosi, 9 Machi
Tumeanza! Nimetangaza mwenyewe. Nina maneno tisa ya Kihispania na kufikia saa moja nilikuwa nimeyamaliza. Nikaanza upya.

Simu ya kwanza: mtu anauliza kama tumenunuliwa na wageni. Ya pili, mwalimu mstaafu, anauliza kama nimekunywa. Ya tatu, mkulima wa kwetu, anataka yule anayelia apigwe saa ya kukamua. Simu kumi na moja kabla ya mchana! Jumamosi iliyopita zilikuwa mbili, na moja ni Nelius akijaribu laini.

Jumatano, 13 Machi
Siku mbaya. Jana Mzee Rwamba alimzika shangazi yake huko Mikinduri. Tangazo lilisomwa siku tatu mfululizo, alfajiri. Hema nne, viti mia sita, ng'ombe mzima kachinjwa. Wakaja watu arobaini na wawili, pamoja na wapishi. Mchungaji akauliza kwa upole kama marehemu alikuwa na ugomvi na majirani.

Leo Mzee Rwamba alipoingia nilitegemea matusi. Hakunitukana. Alikaa kwenye kiti cha studio, kofia magotini, akasema mama yule aliuza maharagwe miaka minane ili yeye asome. Na amezikwa kama mpita njia, ilhali mtoto wa kaka yake ana redio. Kisha akalia. Niliona aibu, jamani. Nilitamani ardhi inimeze.

Ijumaa, 15 Machi
Jana Nelius alirudisha matangazo ya vifo saa moja jioni. Na nyuma ya sauti yake kamweka yule Mmeksiko wangu, chini chini. Bila ruhusa! Mji umesimama. Mama Kiende kapiga simu akimlilia marehemu wa Nkubu asiyemjua hata kwa sura. Wenye majeneza wameleta biashara, wenye hema wameleta biashara. Stesheni imepona.

Mzee Rwamba kamfanya Nelius meneja wa vipindi. Mimi ndiye nitakayesoma matangazo ya vifo, chini yake. Wimbo wangu! Utafiti wangu! Nimempa hongera huku nimeuma meno. Lakini Kibirichia siendi.

Jumapili, 17 Machi
Leo kanisani, katikati ya mahubiri, akili ikafunguka. Watu hawakuelewa neno hata moja la yule Mmeksiko, na bado walilia. Kumbe kinachopunguza machozi ni kuelewa! Kwa nini basi Kihispania kiishie kwenye wimbo?

Kesho Nelius yuko kwao Embu na studio ni yangu. Nimeshatafsiri tangazo la kwanza, la Mzee Njura. Jina limebaki lilivyo. "Baba" nimepata. "Mpendwa" nimepata. "Machozi" nimepata, na ninayaweka mara tatu. Siku, saa na mahali pa mazishi ndiyo sijapata maneno yake, basi nimeyaacha. Wanaompenda watauliza.